Kila nikianza kuandika hadithi naishia ukurasa wa tatu, na mwanangu hataki hata kuanza

Assalaam aleikum mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni fundi wa nguo, nashonea nyumbani Kisauni, Mombasa. Hadithi nazipenda tangu utotoni na kichwani ninazo tele. Shida ni kuziandika. Nikipata usiku mmoja watoto wamelala, nakaa na daftari hadi saa sita, najaza kurasa tatu. Kisha wiki mbili zapita sijaligusa. Nikirudi nasoma nilichoandika, naona haya, nachana, naanza upya. Hadithi ya mke wa nahodha nimeianza mara nyingi hata sihesabu tena.

Mwanangu Swaleh ana miaka 10, yuko gredi ya tano. Kwa mdomo ni hodari. Juzi alitusimulia habari ya pweza wa ami yake aliyetoka kwenye ndoo usiku, tukacheka hadi machozi. Nikamwambia, haya, iandike. Akaandika: "Ilikuwa siku ya Jumamosi. Jua lilikuwa limechomoza kutoka mashariki na ndege walikuwa wakiimba nyimbo tamutamu. Niliamka asubuhi na mapema, nikapiga mswaki, nikastaftahi." Pweza mwenyewe hakufikiwa. Nikamsahihisha kwa kalamu nyekundu, akakunja uso, na tangu hapo daftari halitaki. Mdogo wake Rukia, miaka 6, ndiye anayeng'ang'ania kuandika, na herufi zenyewe bado anazitafuta.

Nataka sote watatu tuwe na mazoea ya kuandika. Tuanzeje? Nimsahihishe au nimwache? Nyumbani twasema Kimvita, lahaja ya hapa Mombasa, shuleni wataka Kiswahili sanifu; aandike kipi? Simu yafaa, au daftari tu? Na nimesikia kuna tuzo ya waandishi wa Kiswahili. Natamani siku moja nipeleke changu.

Mama Swaleh, Kisauni

*

Waaleikum salaam, Mama Swaleh, na marahaba.

Wewe na Swaleh tatizo lenu ni moja: mnaandika na kusahihisha kwa wakati mmoja. Wewe unachana kurasa kabla hadithi haijaisha, naye amesahihishwa kabla pweza hajatoka kwenye ndoo. Hizo ni kazi mbili na kila moja ina siku yake. Nitarudi hapo. Kwanza tumalize suala la muda, ambalo ni jepesi kuliko watu wanavyodhani.

Achana na usiku wa saa sita. Kurasa tatu kwa kikao kimoja ni nyingi mno kwa anayeanza. Kesho yake macho ni mazito, kitambaa cha mteja kinangoja, na kuandika kunabaki kichwani kama kazi ya kukesha, kwa hiyo unakukwepa bila kujua. Dakika 15 zinatosha. Mtu mzima anayeandika kwa mkono bila kusitasita hutoa maneno kama 150 hadi 250 kwa muda huo. Tuchukue kima cha chini: maneno 150, siku nne kwa wiki, ni 600. Kwa mwendo huo rasimu ya hadithi fupi ya maneno 1,500 inakwisha ndani ya wiki tatu.

Dakika hizo zifunge kwenye jambo linalofanyika nyumbani kila siku bila kukumbushana. Kupanga saa maalumu hakusaidii sana, maana leo mteja amechelewa, kesho stima imepotea. Kwenu pengine ni baada ya chakula cha usiku: sahani zikishaondolewa mkekani, madaftari yanashuka pale pale, vyombo vingoje. Madaftari yakae mahali yanapoonekana, kalamu ikiwa ndani yake. Daftari la kutafutwa kabatini halifiki wiki ya pili.

Weka mlio wa simu, na ukilia acha kuandika hata kama sentensi iko katikati. Hasa kama iko katikati. Ukimaliza tukio zima ukatua vizuri, kesho unakutana na ukurasa mtupu na hujui pa kushika. Ukiacha sentensi inaning'inia, kesho mkono unajua unakokwenda. Kabla ya kufunga daftari andika pembeni mstari mmoja wa kesho: "Nahodha anagonga, mke hafungui." Hapo umeshajipunguzia nusu ya uzito wa kuanza.

Siku moja ikikupita, iache ipite. Usiilipe kwa kuandika mara mbili. Usiruhusu tu mbili zifuatane. Na kwa kazi yako, wiki mbili za mwisho za Ramadhani, watu wakidai nguo za Idi, usijidanganye kwamba utapata robo saa. Shusha hadi sentensi tatu kwa siku. Mazoea hufa kwa kusimama kabisa. Kupunguza mwendo hakuyaui. Wengi wa walioandika kwa lugha hii hawakuwa na wasaa kukuzidi: Shaaban Robert aliingia kazini kama karani wa forodha mwaka 1926, akaitumikia idara hiyo hadi 1944, na kalamu ya fasihi aliishika akiwa na mwajiri.

Sasa hiyo tabia ya kuchana. Chukua daftari la kurasa 96 la kushonwa katikati, lisiwe la waya, kwa sababu la waya linakuomba uchane. Andika ukurasa wa kulia peke yake. Wa kushoto uwe mtupu. Kila ukiketi, soma mistari mitano ya mwisho tu, upate mkondo, kisha endelea. Hairuhusiwi kurudi nyuma zaidi ya hapo hadi neno la mwisho la hadithi. Ukigundua ukurasa wa sita kwamba nahodha alipaswa kuwa na ndugu, usirudi kumpachika ukurasa wa pili. Andika upande wa kushoto "ndugu yake aingie mapema", kisha endelea kana kwamba alikuwepo siku zote. Rasimu ya kwanza ina haki ya kuwa na viraka.

Nahisi pia kwamba hadithi ya mke wa nahodha inakwama mahali pale pale kila mara kwa sababu hujaamua anachokitaka. Ndani ya jalada la daftari jibu maswali matatu, mstari mmoja kila jibu. Mke anataka nini? Nani au nini kinamzuia? Akikikosa, anapoteza nini? "Anataka mumewe arudi" haitoshi, maana hapo hana la kufanya ila kungoja, na mhusika anayengoja humchosha mwandishi kabla ya msomaji. "Anataka kuuza jahazi kabla shemeji hajafika kutoka Lamu" inatosha kuendesha kurasa kumi.

Rasimu ikiisha, ifungie wiki mbili uanze nyingine. Baada ya hapo isome kwa sauti, peke yako, penseli mkononi, ukitia alama pembeni: mstari chini ya panapokwama ulimi, alama ya kuuliza pasipoeleweka, na "kata" pale unapojiona unaruka mistari. Jaribu kuisoma kuanzia aya ya pili, kisha ya tatu. Mara nyingi hadithi huanza hapo, na yaliyotangulia ni mwandishi akijipasha moto.

Tuje kwa Swaleh. Mtoto huyu hana upungufu wowote wa ubunifu, ameandika alichofundishwa. Kwa miaka mingi insha ya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi Kenya, ilikuwa dakika 40 kwa alama 40, na watoto walikaririshwa orodha za semi, methali na tashbihi ili mtahini azione upesi. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, ila orodha zile hazikustaafu pamoja nayo. Ndiyo maana watoto kutoka Vanga hadi Lodwar huamka Jumamosi ile ile, chini ya jua lile lile, na wote hupiga mswaki.

Kikao cha kwanza usimpe kalamu kabisa. Amsimulie Rukia habari ya pweza huku simu ikirekodi, dakika mbili basi. Kumsimulia mama anayejua kisa hakufai, ataruka mambo; Rukia atauliza "kwa nini?" na majibu yake ndiyo nyama ya hadithi. Kikao cha pili asikilize sekunde 30 za mwanzo, asimamishe, aandike kama alivyosema. Dakika 10 tu. Kwa muda huo mtoto wa umri wake huandika maneno 40 hadi 80, na dakika mbili za kusimulia zina zaidi ya 200, kwa hiyo pweza atachukua vikao vitatu au vinne. Mwambie hilo mapema, asije akadhani ameshindwa kumaliza. Kosa kubwa la wazazi ni kutaka hadithi nzima jioni moja.

Akikwama, usimpe sentensi. Muulize: Nani aliona kwanza? Alisema nini, maneno yake hasa? Mikono yake ilikuwa inafanya nini? Kulikuwa na sauti gani? Kwa maswali hayo, ule mwanzo wa jua na ndege unaweza kugeuka hivi:

"Asubuhi tuliikuta ndoo tupu. Kifuniko kiko chini na jiwe lake kando. Ami akasema ni paka. Bibi akasema, paka gani anayeondoa jiwe na kuliweka taratibu? Ami akanyamaza. Kisha akatia mguu kwenye kiatu."

Semi hamna hata moja, na msomaji ataka kujua kiatuni mna nini. Sisemi semi ni mbaya. Kipimo changu ni hiki: je, bibi yake angeitamka kwa hali ile? Ikiwa ndiyo, ibaki. "Alichana mbuga" yamfaa mwizi wa kuku. Haimfai ami anayekwenda msalani. Kama mwalimu wake bado anapenda insha ya kupambwa, usimgombanishe naye. Awe na daftari la shule na daftari la nyumbani, na hili la nyumbani lisipewe maksi na mtu yeyote. Watoto huelewa upesi kwamba kila daftari lina desturi yake.

Siku atakayosema hana la kuandika, na itakuja, tengenezeni kopo la vikaratasi 30. Kumi ni watu: muuza mahamri, makanga wa matatu, mwalimu wa chuoni, mtoto asiyependa viatu. Kumi ni vitu: ufunguo, kandambili moja, birika, mwavuli uliovunjika. Kumi ni matatizo: amebeba mzigo usio wake, amesahau jina la mwenyeji, kivuko cha Likoni kimesimama katikati ya maji. Avute kimoja kila kundi. Michanganyiko ni 1,000, haitakwisha kabla hajamaliza shule. Nawe vuta. Mkiandika kutokana na vikaratasi vile vile kisha mkasomeana, ataona jambo ambalo hakuna somo linaloweza kumwonyesha: mama naye hukwama, hukata mstari, huanza tena.

Kuhusu kusahihisha: ndiyo, msahihishe, ila si jioni ile na si kila kitu. Subiri siku tatu. Siku ya kwanza ya kusoma sema mambo mawili tu: "hapa nilicheka" na "hapa nilipotea, nani anasema?" La pili lina faida kubwa kwa hadithi kuliko tahajia yote. Siku ya kusahihisha chagua aina moja ya kosa kwa wiki. Kwa umri wake ningeanza na kuunganisha maneno, maana watoto wengi huandika "ali enda" na "nime mwona". Wiki inayofuata alama za usemi. Kisha herufi kubwa na nukta. Onyesha makosa yasiyozidi matano, kwa penseli, upande wa kushoto wa daftari, na kurekebisha arekebishe mwenyewe. Ukurasa ulioiva wekundu hauna funzo: mtoto haoni lipi zito na lipi jepesi, anaona tu kwamba ameharibu.

Tena mpe kalamu ya wino. Penseli huja na kifutio, na kifutio hula nusu ya dakika zake 10. Neno asilolipenda alikate kwa mstari mmoja aendelee. Lililokatwa bado linasomeka, na pengine kesho ataliona ndilo lilikuwa zuri.

Rukia hana haja ya kungoja ajue herufi. Yeye aseme, wewe uandike. Ndivyo ilivyofanyika kwa mashairi ya Muyaka, mshairi wa zamani wa hapo hapo Mvita: sehemu kubwa imetufikia kwa sababu mwishoni mwa karne ya 19, miaka mingi baada ya kufa kwake, Mwalimu Sikujua aliyaandika yaliyokuwa yamehifadhiwa na watu. Sharti ni kuandika alichosema, si ulichotaka aseme. Akisema "paka akaenda akaenda akaenda", andika mara tatu. Sentensi tano zinatosha, kisha achore. Halafu msomee ukipitisha kidole chini ya kila neno. Neno atakalolitambua, pengine jina lake, kesho aliandike mwenyewe mahali pake.

Yeye mtengenezee kitabu, kwako ni kazi ya dakika tano. Karatasi nne za A4 zikunjwe pamoja katikati, unapata kurasa 16. Toboa mashimo matatu kwenye mkunjo: moja katikati, na mawili sentimita 4 kutoka juu na kutoka chini. Ingiza sindano kutoka ndani shimo la katikati, nje panda hadi la juu, ingia. Ndani shuka moja kwa moja hadi la chini, toka. Rudi katikati, ingia, ufunge fundo juu ya ule uzi mrefu. Usipige cherehani, matundu ya karibu karibu yataichana karatasi. Ukurasa mmoja picha, unaoutazama maneno, na jina lake juu ya jalada. Ndiye atakayekukumbusha kila usiku kwamba muda umefika, jambo ambalo wewe na Swaleh mtalihitaji.

Kimvita kiacheni kiandikwe. Ikiwa bibi alisema "ndoo hapa uone kwa mato yako", akimwandikia "njoo hapa uone kwa macho yako" bibi huyo ameondoka, amekuja mwingine. Kwenye maneno ya wahusika lahaja ibaki daima. Kwenye usimulizi, rasimu ya kwanza iende kwa lugha inayomjia. Kama kazi ni ya shule, siku ya kusafisha ageuze "ndia" kuwa "njia" na "teza" kuwa "cheza". Akianza kujitafsiri wakati wa kuandika, atarudi kwenye jua na ndege.

Simu inafaa kwako, kwa Swaleh bado, labda ya kurekodi tu. Inafaa pale unapongoja mteja aje kupima na daftari liko mbali. Washa hali ya ndegeni kabla hujaanza, na zima masahihisho ya kiotomatiki au uongeze Kiswahili kwenye lugha za kibodi. La sivyo itakugeuzia maneno kuwa ya Kiingereza, na kila ukisimama kurekebisha, uzi unakatika. Mara moja kwa wiki jitumie maandishi kwa barua pepe. Simu huibwa, na mwizi hasomi hadithi.

Tuzo uliyoisikia nadhani ni ile ya Kiswahili ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell na baadaye ikajulikana kama Safal-Cornell. Hupokea miswada mizima, si hadithi fupi moja, kwa hiyo usiifanye kuwa shabaha ya mwaka huu. Maliza hadithi tatu fupi kwanza. Ya kwanza mpe msomaji mmoja asiyekuogopa wala kukuonea haya, si mumeo na si dada yako, na muulize swali moja tu: ulichoka wapi? Akikwambia ukurasa wa pili, usimweleze ulichokusudia. Chukua penseli, nenda ukurasa wa pili.